Vyombo vya angani kwa matofali ya LEGO: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila anapoingia mtu mpya kwenye ujenzi wa vyombo vya angani, roboti na vituo vya sayari za kubuni kwa matofali ya plastiki ya kuunganisha. Yanaanza na ya mgeni kabisa na kuishia kwenye shida za anayejenga vitu vya mita nzima. Pale jibu moja linapohitaji jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Hii ni shughuli gani hasa?

Ni kubuni na kujenga kitu ambacho hakiuzwi dukani: meli ya kusafiri kati ya nyota, gari la kuchimba madini mwezini, roboti la vita, bandari ya angani yenye korongo za kupakulia mizigo. Hakuna kijitabu cha maelekezo. Mjenzi anaanza na wazo au mchoro, anatafuta vipande, anajenga, anabomoa na kujenga upya mpaka umbo likubali. Kazi ya namna hii wapenzi wa matofali huiita MOC, yaani kitu ulichokibuni mwenyewe, ili kuitofautisha na seti ya kwenye boksi.

Nyingine zinatosha kwenye kiganja. Nyingine zina urefu wa mita moja na nusu na hubebwa na watu wawili wanaopita mlangoni kwa tahadhari. Zote ni kazi halali, na ile ya kiganjani si lazima iwe rahisi.

2. Kwa nini kila mtu anautaja mwaka 1978?

Kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoanza. LEGO ilianzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Christiansen mjini Billund, Denmark, na tofali lake la sasa lilikatiwa hataza mwaka 1958. Lakini ni mwaka 1978 kampuni ilipotoa mfululizo wake wa anga, pamoja na visanamu vyenye mikono na miguu inayosogea. Vyombo vilikuwa vya bluu na kijivu, vioo vya njano, na kila mwanaanga alikuwa na nembo ya dhahabu kifuani ya chombo kikizunguka mwezi. Hawakuwa na maadui. Walikuwa wavumbuzi na watafiti tu, na mtoto aliachiwa ajaze hadithi yote iliyobaki.

Watoto wale walikua, na wengi wakarudi kwenye matofali wakiwa na mishahara yao. Chombo kilichopendwa kuliko vyote, Galaxy Explorer, kilikuwa na vipande 338. Mwaka 2022, kampuni ilipoadhimisha miaka 90, kilitolewa upya kwa ukubwa wa mara moja na nusu na vipande 1,254, na waliokinunua wengi walikuwa watu wenye mvi.

Tarehe nyingine ya kukumbuka ni 1999, LEGO ilipoanza kutoa seti za sinema za Star Wars kwa leseni. Ndipo kijivu na vipande vya pembe za ajabu vilipoanza kupatikana kwa wingi, na wajenzi wa vyombo vyao wenyewe wamevitumia tangu hapo.

3. Je, mtu mzima hachelewi kuanza?

Hachelewi. Wengi wa wanaojenga vitu vikubwa ni watu wazima walioacha matofali wakiwa vijana na kurudi miaka mingi baadaye. Vidole vya mtu mzima vina nguvu, na subira yake ni ndefu zaidi.

4. Lazima yawe matofali ya LEGO?

Kisheria, hapana. Hataza ya tofali iliisha zamani, na tarehe 14 Septemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la tofali lisajiliwe kuwa alama ya biashara, kwa hoja kwamba umbo hilo ni la kiufundi. Kwa hiyo kampuni nyingine zina haki ya kutengeneza matofali yanayoingiliana na ya LEGO. Hilo ni tofauti na boksi bandia lililonakili seti nzima, au lililochukua kazi ya mjenzi mmoja bila ruhusa na kuipakia kiwandani. Hayo ya pili usiyape pesa yako.

Kiufundi, angalizo ni moja: usichanganye aina mbili kwenye fremu ya chombo kirefu. Tofauti ya unywele mmoja kwenye kila tofali haionekani kwenye nyumba ndogo, lakini ikijirudia mara 100 mfululizo inakupa ubavu uliopinda. Kwenye ngozi ya nje au mapambo, changanya utakavyo.

## Vipande na pesa

5. Nahitaji vipande vingapi ili nianze?

Vichache kuliko unavyodhani. Matofali sita tu ya vinundu vinane (vile vijiti vifupi vya juu vinavyoingia kwenye tofali jingine), yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Chombo kizuri cha rubani mmoja hutoka kwenye vipande 150 hadi 300, na kukimaliza kutakufundisha mengi kuliko mwanzo wa meli kubwa iliyokwama robo ya njia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaohesabu ubora kwa kilo. Chombo kinapendeza kwa umbo lake na kusimama kwa fremu yake. Umbo baya likijengwa kwa vipande elfu kumi linabaki umbo baya, tena la gharama. Chora kivuli cha chombo kwa kalamu nyeusi. Kama kivuli peke yake hakikuvutii, vipande havitakiokoa.

6. Niko Dar es Salaam, Nairobi au Kigali. Vipande navipata wapi?

Maduka ya vitu vya watoto kwenye majengo makubwa ya biashara huwa na seti chache, na bei yake hubeba ushuru na usafiri. Kwa mjenzi wa vyombo, njia zenye tija ni nyingine.

Ya kwanza ni BrickLink, soko la mtandaoni lililoanza mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO mwaka 2019. Humo maelfu ya wauzaji huuza kipande kimoja kimoja kwa rangi unayoitaka. Si kila muuzaji anatuma Afrika Mashariki, kwa hiyo soma masharti yake kabla ya kujaza kapu. Nauli ndiyo inayoumiza, kwa hiyo agiza mara chache na kwa wingi, au unganeni watu watatu kwenye mzigo mmoja.

Ya pili ni ndugu aliyeko Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba. Tuma oda ifikie kwake, naye akija likizo aje nayo. Matofali hayavunjiki begini na hayachukui nafasi kama yakitolewa kwenye maboksi.

Ya tatu ni vitu vya kuchezea vya mitumba. Mara nyingine hutokea mfuko wa matofali mchanganyiko. Utakuwa na kazi ya kuosha (swali la 25) na kuchambua, ila humo ndimo huokotwa vipande vya ajabu vinavyofaa kwa mitambo (swali la 14).

7. Nikinunua seti kwa ajili ya vipande vyake tu, nichague ipi?

Gawa bei kwa idadi ya vipande. Wanunuzi wa Marekani huona senti 10 kwa kipande kuwa bei ya kawaida. Kisha tazama picha ya nyuma ya boksi: unataka kijivu, nyeupe au nyeusi, mabapa (vipande vyembamba kuliko tofali) mengi, bawaba, na vipande vya kona. Seti ya bei nafuu iliyojaa kuta kubwa za kipande kimoja haikusaidii. Seti zilizotumika za Technic (LEGO za mitambo, zenye boriti za matundu, pini na ekseli) ni hazina, kwa sababu mifupa ya chombo kikubwa hutoka huko.

8. Naweza kujenga bila kuwa na tofali hata moja?

Ndiyo, kwenye kompyuta. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1995 na Mwaustralia James Jessiman, aliyeandika programu ya LDraw na kuanzisha maktaba ya vipande vya kidijitali. Alifariki mwaka 1997 akiwa bado kijana, na wapenzi wakaiendeleza kazi yake kwa kujitolea mpaka leo. Programu inayotumika zaidi sasa ni Studio ya BrickLink, nayo ni ya bure. Inakuonyesha kama vipande vinagongana, inakutolea orodha ya manunuzi, na inatengeneza picha safi.

Kisichoonekana kwenye kioo ni uzito. Chombo cha kidijitali hakilegei mabawa wala hakikatiki katikati. Kabla ya kununua vipande vya chombo kizima, jenga kipande kimoja cha fremu kwa matofali halisi ukijaribu nguvu yake.

9. Kwa nini kijivu changu cha zamani hakifanani na cha sasa?

Kwa sababu mwaka 2004 hivi LEGO ilibadilisha kijivu chake hafifu na kile kilichokolea, ikavipa mwelekeo wa bluu. Kahawia nayo ilibadilika. Wapenzi wa zamani walikasirika, na ukikiweka kijivu cha kale karibu na kipya utaelewa sababu: chombo kinaonekana kama kimebandikwa viraka. Tenganisha mafungu mawili tangu siku unapochambua. Ukitaka chombo kionekane kikongwe, kilichotengenezwa mara nyingi na mafundi waliochoka, vichanganye kwa makusudi na kwa wingi, ili jicho lijue kuwa umekusudia.

## Kujenga

10. Nitachaguaje skeli, yaani uwiano wa ukubwa?

Anza na abiria. Kisanamu cha LEGO kina urefu wa karibu sentimita 4. Kikisimama badala ya mtu wa mita 1.7, skeli ni takriban 1:42. Ndege ya rubani mmoja yenye mita 12 inakuwa sentimita 29 hivi mezani, jambo linalowezekana kwa yeyote. Lakini Star Destroyer, meli ya vita ya Star Wars, ambayo hutajwa kuwa na mita 1,600, kwa skeli hiyohiyo ingekuwa na mita 38, ndefu kuliko uwanja wa mpira wa kikapu. LEGO wenyewe walipoitoa mwaka 2019 waliifanya sentimita 110, yaani karibu 1:1,450.

Kwa hiyo meli kubwa hujengwa kwa skeli ndogo sana, bila visanamu. Hapo ukubwa haupatikani kwa kuongeza urefu. Jicho la mtazamaji hutafuta kitu linachokifahamu, dirisha, mlango au ngazi, na kupimia vingine vyote kwa hicho. Dirisha likiwa tundu dogo la upana wa milimita tatu, meli ya nusu mita inakuwa jiji linaloelea. Dirisha hilohilo likiwa kioo cha vinundu viwili, meli inarudi kuwa ya kuchezea.

11. Vipimo gani niwe navyo kichwani?

Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya jirani yake ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6 bila kinundu. Bapa lina milimita 3.2, kwa hiyo mabapa matatu ni tofali moja.

Usawa wa maana zaidi ni huu: mabapa matano yaliyopandana yana milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili. Na matofali matano yana milimita 48, sawa na vinundu sita. Karibu kila ujanja wa swali la 12 unasimama juu ya mistari hiyo miwili.

12. SNOT ni nini?

Ni kugeuza vipande ili vinundu vitazame pembeni, mbele au chini badala ya juu. Kwa tofali la kawaida, ubavu wa chombo unapanda kama ngazi. Sasa chukua tofali lenye kinundu ubavuni, liweke ndani ya ukuta, bandika juu ya kinundu hicho bapa la wima, kisha funika bapa kwa vigae laini visivyo na vinundu. Ubavu unanyooka, na mistari ya maungio inakimbia urefu wa chombo kama mabati ya ndege.

Ukigeuza hivyo, kimo kinakuwa upana na upana unakuwa kimo, kwa hiyo nafasi uliyoiacha lazima ijae kwa mabapa kamili. Ikibaki mwanya, mara nyingi dawa ni kipande cha kona chenye ukuta wa nusu bapa, milimita 1.6. Zoezi zuri la kwanza ni kujenga mchemraba wenye vinundu pande zote sita. Ukiuweza, umeshaielewa.

13. Chombo changu kikubwa kinakatika katikati nikikiinua. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linarudi mwanzo kabisa wa kazi: ulianza na ngozi. Mafundi wa majahazi hulaza mkuku (uti wa chini) kwanza, wakasimamisha mataruma (mbavu), ndipo mbao za ubavu zikafuata. Meli ya angani inataka mpangilio huohuo.

Mkuku wako ni boriti au matofali ya Technic yenye matundu. Tofali likishikana na jingine kwa vinundu peke yake huachia ukilikunja, lakini pini iliyopita kwenye tundu haiachii mpaka uivute. Funga kila kiungio kwa pini mbili. Pini moja ni bawaba, itazunguka.

Sasa ujanja wenyewe. Weka tofali la Technic, juu yake mabapa mawili, juu yake tofali jingine la Technic. Tundu la chini na la juu yametengana kwa milimita 9.6 jumlisha 6.4, yaani 16, ambayo ni vinundu viwili kamili. Maana yake boriti iliyosimama wima itaingiliana na matundu yote mawili bila kulazimishwa, na pini zake zitafunga tabaka zote kwa pamoja. Rudia kila baada ya vinundu kumi hivi. Ukitaka mkingamo wa mshazari, tumia pembetatu ya 3, 4 na 5: hesabu nafasi kati ya matundu, usihesabu matundu yenyewe.

Kisha jaribu. Shika fremu kwenye omo na tezi, yaani mbele na nyuma, inua, itikise kidogo. Ikinesa, iongezee mataruma sasa hivi, maana baadaye utakuwa umeizika chini ya vipande elfu mbili. Fremu ikishakubali, ngozi iwe nyepesi: tofali la vinundu vinane lina gramu 2.3 hivi, kwa hiyo kila elfu moja ni kilo mbili na ushei. Acha ndani patupu. Anayetazama haoni ndani, ila mikono inayobeba itakushukuru.

14. Gribo ni nini, na niweke kiasi gani?

Gribo ni vile vipande vidogo vinavyoupa uso wa chombo sura ya mitambo: mabomba, matundu ya hewa, matangi, nyaya. Asili yake ni kwa mafundi wa sinema za anga za miaka ya 1960 na 1970, waliobandika vipande vya seti za plastiki za vifaru vya kijeshi na ndege kwenye vyombo vyao, na mtazamaji akaamini kuwa kila kimoja kina kazi.

Kwa matofali, raha iko kwenye kukitumia kipande kwa kazi ambayo hakikuzaliwa nayo. Bomba la maji la jikoni la kisanamu linakuwa vali ya mafuta. Viatu vya magurudumu, spana, darubini, kipaza sauti, mikono ya visanamu iliyochomolewa: yote ni mitambo ukiyatazama kwa macho ya mjenzi. Soseji nyeusi ikiwekwa katikati ya mabomba mawili hakuna atakayeitambua.

Kiasi? Pungufu ya unavyotamani. Chombo kilichojazwa gribo kila mahali kinachosha, maana jicho halina pa kupumzika. Liweke mahali ambapo mhandisi angelificha: kwenye mifereji kati ya bamba na bamba, kuzunguka injini, chini ya tumbo. Sehemu nyingine ziwe laini. Mwishoni jiulize kila fungu lina kazi gani. Tangi linapeleka mafuta wapi? Bomba linaishia kwenye nini? Ukiwa na jibu, hata kama ni la kubuni, mtazamaji atalihisi.

15. Mabawa yananyong'onyea baada ya siku chache. Kwa nini?

Ama umetumia viungio vya tufe linalozunguka ndani ya tundu, ambavyo hulegea, ama bawaba moja inabeba bawa zima. Tumia bawaba zenye meno, zinazobana kwa hatua za nyuzi 22.5, na ziwe mbili au zaidi kwa kila bawa. Bawa refu lipe mfupa wake wa Technic uliofungwa kwenye mkuku (swali la 13).

16. Rangi ngapi zinatosha?

Moja kuu, moja ya kusindikiza, na moja kali ya kutia alama kidogo tu: mstari, namba ya chombo, ncha za mabawa. Waanzao hujenga kwa kila rangi waliyonayo. Ukiwa huna vipande vya kutosha vya rangi moja, punguza chombo badala ya kuongeza rangi.

17. Na taa?

Zipange kabla ya kufunga ngozi, kwa kuwa waya unahitaji njia na betri inahitaji mlango. Taa ndogo za LED nyuma ya vipande vya kioo cha bluu au chungwa hutosha kwa injini.

## Adabu na sheria

18. Kukata, kupaka rangi na kubandika kwa gundi kunaruhusiwa?

Vipande ni vyako, hakuna atakayekukamata. Ila wajenzi wengi hujizuia, na mimi ni mmoja wao. Sababu si ushabiki. Kipande kilichokatwa kinatatua tatizo la leo tu. Tatizo lililotatuliwa kwa vipande vizima linakuwa ujuzi ambao mwenzako anaweza kuurudia kwake. Gundi nayo inakunyima nafasi ya kurekebisha. Stika za kujichapia zinakubalika karibu kila mahali. Ukiwa umekata au kupaka rangi, sema, basi.

19. "Kiungio haramu" ni nini?

Ni kuunganisha vipande kwa namna inayovikaza kupita ambavyo vilisanifiwa, hata kama vimeingia. Mfano maarufu ni bapa lililosimamishwa wima na kusukumizwa kati ya safu mbili za vinundu. Wasanifu wa LEGO hawaruhusiwi kuweka viungio hivyo kwenye seti. Wewe unaweza, lakini usiviweke kwenye fremu, na usiviache miaka: plastiki iliyokazwa hupasuka polepole.

20. Nimeona ujanja kwenye chombo cha mtu mwingine. Naweza kuutumia?

Ujanja, ndiyo, ndivyo ufundi huu unavyokua. Mtaje uliyeuchukua kwake. Kunakili chombo kizima ni vizuri kwa kujifunza, mradi useme wazi muundo ni wa nani, na usiuze.

21. Naweza kuuza maelekezo ya chombo changu?

Kama umekibuni chote, ndiyo, na wapo wanaofanya hivyo. Kama ni chombo kutoka kwenye sinema au mchezo, umbo lake lina mwenyewe. Kukijenga na kukiweka sebuleni ni jambo moja, kufanya biashara kwacho ni jingine, na mwenye hakimiliki anaweza kukuzuia. Pia usiandike jina la LEGO kana kwamba kampuni imekuidhinisha.

22. Kweli LEGO wanaweza kutoa chombo changu kiwe seti?

Inawezekana, kupitia LEGO Ideas. Unawasilisha muundo, ukipata kura 10,000 unaingia kwenye tathmini, na ukichaguliwa unapata mrabaha wa asilimia 1 ya mauzo halisi. Wengi hufika kwenye kura na kuishia kwenye tathmini. Mfano wa waliofanikiwa ni Mwingereza Peter Reid, ambaye Exo Suit yake, vazi la mitambo la mwanaanga lenye vipande 321, lilitoka mwaka 2014. Tazama idadi hiyo, kisha urudi swali la 5.

## Changamoto na maonyesho

23. SHIPtember ni nini?

Ni changamoto ya kila Septemba: kujenga ndani ya mwezi huo chombo chenye vinundu 100 au zaidi, yaani sentimita 80, kwa urefu, upana au kimo. Chombo cha ukubwa huo huitwa SHIP kwa herufi kubwa. Siku zote mwezi unakuwa mfupi. Anayemaliza ni yule aliyetumia Agosti kuchora, kuhesabu vipande na kuchambua rangi, halafu akatumia wiki ya kwanza kwenye fremu pekee.

24. Na Novemba mbona vyombo vyote vina pembe mbili mbele?

Hivyo ni Vic Viper, chombo cha mchezo wa kompyuta Gradius wa mwaka 1985: ncha mbili ndefu mbele, mabawa pembeni na mkia wa wima. Alama hizo zikiwapo, mengine ni uhuru wako. Aliyevifanya vipendwe ni mjenzi Nate Nielson, aliyejulikana zaidi kwa jina la nnenn. Alifariki mwaka 2010, na tangu hapo wapenzi hujenga Vic Viper kila Novemba kwa kumbukumbu yake. Ni mahali pazuri pa kuanzia: umbo umepewa, vipande havizidi mia tatu, na utakuwa umeungana na watu wanaomkumbuka mwenzao kwa njia anayoistahili.

25. Nitasafirishaje chombo kikubwa, na nitakioshaje kikirudi na vumbi?

Kisanifu tangu mwanzo kigawanyike. Kila sehemu iishe kwa uso uliofungwa, na sehemu mbili zishikane kwa pini ndefu unazoweza kuzifikia. Mapambo marefu, mabawa na antena, yavue na uyafunge peke yake. Jaza boksi kwa taulo au mifuko ya hewa ili chombo kisicheze, na uwe na mfuko wa vipande vya akiba, maana lazima kimoja kidondoke njiani.

Vumbi la kawaida linatoka kwa brashi laini ya rangi. Vipande vichafu vitenganishe na uvioshe kwa mkono, kwa maji yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni laini, kisha vikauke kivulini. Mashine ya kufulia na ya kukaushia usiviingize.

## Matatizo ya nadra

26. Vipande vyeupe vimekuwa vya njano. Vinarudi?

Jua na joto ndivyo vinavyobadilisha plastiki hiyo, aina ya ABS inayotumika tangu 1963. Vilowekwe kwenye haidrojeni peroksaidi ya dukani na kuwekwa juani saa kadhaa, ukigeuzageuza. Vaa glavu, na usiweke vyenye stika au maandishi unayoyathamini. Weupe utarudi kwa sehemu kubwa, ila unaweza kupotea tena. Dawa ya kweli ni kuweka chombo mbali na dirisha.

27. Chombo changu ni kizito. Matofali ya chini yatapasuka?

Kwa kugandamizwa, hapana. Mwaka 2012 wahandisi wa Open University, Uingereza, walilibana tofali la vinundu vinne kwenye mashine mpaka likakubali kushindwa kwenye karibu newtoni 4,240, sawa na uzito wa kilo 432. Hiyo ni mnara wa matofali 375,000, wa takriban kilomita 3.6. Kinachoshindwa kwenye vyombo ni kuvutwa na kukunjwa, si kukaliwa. Kwa hiyo stendi iwe pana na ishike fremu yenyewe kwa pini, isiishie kwenye ngozi ya tumbo.

28. Vipande vyangu vya kahawia vinapasuka nikivitoa. Nimevikosea nini?

Hujakosea. Kahawia-nyekundu na nyekundu iliyoiva vya miaka ya karibu na 2010 vinajulikana kwa kukatika kirahisi, hasa mabapa na vipande vyenye vishikio. Usivitumie kwenye fremu wala kwenye kitu utakachokifungua mara kwa mara. Vikiwa tayari viko ndani ya chombo, usivichokonoe kwa kisu. Sukuma kutoka chini kwa ekseli ya Technic, kinundu kimoja baada ya kingine. Kikipasuka kipande kilichonunuliwa karibuni, waandikie huduma kwa wateja wa LEGO ukitaja namba iliyochapwa ndani ya kipande.